Ditekta ya Zamani: Itengenezwe au Istaafu?

Makongolosi, wilayani Chunya, mtu akiweka mezani ditekta mbovu ya kutafutia dhahabu hakosi washauri. Dhahabu ya bonde la Lupa imekuwa ikivuta watu tangu miaka ya 1920, na sehemu kubwa ya ile ya mwanzo ilikuwa dhahabu ya vijito na ya juu juu, vipande vilivyolala kwenye changarawe bila kumsubiri mtu achimbe shimo refu. Ndiyo maana mpaka leo mashine ya kushika mkononi ina kazi huko. Inatembezwa kwenye vumbi, jua na mvua, inapita mkono hadi mkono, na siku moja inaanza kulia ovyo.

Nimeketisha sauti nne kwenye meza moja. Watu ni wa kubuni, lakini ubishi wao ni wa kweli na utausikia popote mashine hizi zinapotumika. Yupo Mama, mwenye leseni ya uchimbaji mdogo na mwenye mashine. Yupo Mpimaji, kijana anayetembea nayo porini kwa mgawo. Yupo Fundi wa redio na simu aliyeishia kuwa fundi wa ditekta kwa kukosa mwingine wa kumpelekea. Na yupo Muuzaji. Mezani pana GPX 4500 ya Minelab, aina iliyotangulia ile GPX 5000 ya mwaka 2010. Ugonjwa wake: inapiga kelele pasipo na kitu, kisha inanyamaza pasipo sababu.

MUUZAJI: Nianze mimi, Mama, maana najua mtasema natetea tumbo langu. Ni kweli, nalitetea. Lakini tangu hii itoke kiwandani dunia imesogea. Mwaka 2015 ikaja GPZ 7000, mwaka 2021 ikaja GPX 6000, yenye uzito wa kilo mbili na kidogo, betri ikiwa kwenye mashine yenyewe, nayo inajibalansi na udongo bila mtu kuigusa. Hii yako kijana anabeba betri mgongoni, waya unamzunguka bega, akiinama unanasa kwenye miiba. Pesa za kuitengeneza ni pesa za kuchelewesha msiba.

MAMA: Hiyo mpya bei gani?

MUUZAJI: Inategemea, Mama. Ni dola elfu kadhaa. Ile GPZ ilipotoka ilikuwa kama dola 10,000.

MAMA: Dola. Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019 nikipeleka dhahabu naikuta bei yake ya siku. Ya ditekta kila nikiuliza naambiwa inategemea. Fundi, sema wewe.

FUNDI: Mimi sijaigusa bado, Mama, na sitaigusa kwa bisibisi mpaka nimwulize kijana maswali. Watu wengi wakiona mashine inalia, wanakimbilia kufungua boksi. Boksi ndilo la mwisho. Kwa mashine nilizoletewa, ugonjwa mara nyingi uko nje: kwenye betri, koili (ile sahani inayopitishwa juu ya ardhi), waya, plagi, au kwa huyo anayeibeba.

MPIMAJI: Sasa mimi ndiyo nimekuwa ugonjwa?

FUNDI: Simu yako iko wapi ukipima?

MPIMAJI: Mfukoni. Ningeiacha wapi, porini?

FUNDI: Imewashwa?

MPIMAJI: Imewashwa.

FUNDI: Na buti?

Hapo kijana alitazama miguu yake. Buti zenye chuma cha kulinda vidole. Muuzaji alicheka, lakini Fundi hakucheka, na mimi naona alikuwa na haki, kwa sababu kosa hilo lina umri sawa na chombo chenyewe. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaletwa na kifaa chake cha umeme kuitafuta risasi mwilini. Kifaa kilikuwa kimejaribiwa na kikafanya kazi. Kwa mgonjwa kikavuma hovyo. Baadaye ilijulikana kwamba godoro la rais lilikuwa na springi za chuma, na tena daktari alikuwa amemruhusu Bell apime upande wa kulia tu, ilhali risasi ilikuwa kushoto. Garfield alikufa Septemba mwaka huo huo. Kifaa kililaumiwa kwa makosa ya kitanda na ya daktari.

FUNDI: Simu izimwe au iachwe mbali. Panga na sururu vikae nyuma, si kiunoni. Nguzo za umeme zikiwa karibu, sogea. Mwenzako mwenye ditekta akiwa jirani, achaneni nafasi, maana mashine mbili zikipiga pamoja zinasikilizana. Hayo yote hayagharimu hata shilingi. Yakishindikana ndipo tunashika mashine.

MUUZAJI: Haya, tuseme kijana ni msafi. Mashine bado inalia. Sasa?

FUNDI: Sasa navua kifuniko cha koili.

Alikivua. Kati ya kifuniko cha plastiki na koili yenyewe kulikuwa na tope jekundu lililokauka, limejaa chembe nyeusi. Fundi alipitisha sumaku ndogo juu yake na chembe zikasimama.

FUNDI: Mnaona? Huo ni mchanga wa chuma. Kijana anapeperusha mashine, na mchanga unatembea ndani ya kifuniko, sentimita sifuri kutoka kwenye koili. Mashine inausikia kuliko chochote kilichoko ardhini. Ukilowa ndiyo kabisa. Kifuniko kioshwe kwa maji, kikaushwe, ukingo uzibwe kwa utepe, na kazi hiyo irudiwe kila jioni.

MPIMAJI: Hakuna aliyeniambia kifuniko kinavuliwa.

MAMA: Nami sikuambiwa nilipoinunua.

MUUZAJI: Mimi siye niliyekuuzia, Mama.

Nitawaacha wabishane juu ya nani alimwuzia nani, kwa sababu Fundi alikuwa ameshachukua mita na kuanza sehemu niliyoipenda kuliko zote katika mjadala huu. Alieleza kwanza mashine inavyofanya kazi, na alieleza kwa namna ambayo hata mtu asiyejua umeme angemfuata.

FUNDI: Aina hii inapiga mipigo. Umeme unapelekwa kwenye koili kwa mpigo mmoja, kisha unakatwa ghafla. Usumaku ukizimika, kila metali iliyo chini inapata mkondo mdogo wa umeme ndani yake, na mkondo huo haufi papo hapo. Mashine inautegea sikio unapofifia. Muda wa kusikiliza unahesabiwa kwa maikrosekunde, yaani sehemu za milioni za sekunde. Kipande kikubwa kinafifia taratibu. Punje ndogo inafifia upesi mno, karibu ikupite. Kwa hiyo kiungo chochote kikilegea kati ya koili na boksi, mashine inalia ovyo, au punje ndogo zinapotea kwanza na wewe hujui.

Alichomoa plagi yenye pini tano, akagusanisha ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe ili ajue waya za mita zina ukinzani kiasi gani, akakiondoa kiasi hicho kwenye hesabu. Kisha akapima koili. Koili ya aina ya mono, yenye mzunguko mmoja wa waya, alisema, isome chini ya omu moja. Ile ya DD ina mizunguko miwili ya waya, ipimwe yote. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, waya umekatika. Lakini waya uliokatika kabisa ni rahisi kuugundua. Mgumu ni ule unaokatika nusu.

FUNDI: Sasa kijana shika waya hapa unapoingilia kwenye koili, uupinde polepole. Mama tazama mita.

MAMA: Inaruka! Imekwenda juu. Imerudi. Imekwenda tena.

FUNDI: Ndiyo hiyo. Waya unakatikia kwenye shingo, au pale karibu na plagi, kwa sababu ndipo unapopindwa kila siku. Watu wanauzungusha kwenye fimbo ukiwa umebana mno, kila ukikunja mashine unavutwa. Wengine wanauacha unaning'inia, unapiga fimbo na kutoa sauti za uongo. Uzungushwe kwa kiasi, uachwe ulegee kidogo kwenye shingo, ufungwe usicheze.

MUUZAJI: Na hapo umeshinda? Koili ikifa si inanunuliwa nyingine?

FUNDI: Koili moja si mashine nzima, kaka. Na kama katiko liko karibu na plagi, nakata hapo, nafupisha waya, nalehemu plagi upya. Likiwa ndani ya koili kwenye ile gundi ngumu, sidanganyi mtu, koili inabadilishwa. Lakini kabla ya kununua, aazime koili nzima ya rafiki, aichomeke. Mashine ikitulia, tumejua. Isipotulia, hajapoteza hela.

Mpaka hapa Muuzaji alikuwa anapoteza, na mtu mwingine angekuwa ameshaondoka. Yeye akabadilisha njia, na hoja aliyoileta ndiyo nzito kuliko zote za upande wake.

MUUZAJI: Fundi, ninyi mnapenda mashine inayolia kwa sababu inawaonyesha pa kushika. Nijibu juu ya isiyolia. Kijana huyu anaweza kutembea mwezi mzima na mashine imetulia, mvumo safi, kumbe imeshapoteza nusu ya kina chake. Kapasita zile za mkebe zinakauka kwa joto na miaka. Hazilii. Hazitoi moshi. Mpigo unapungua nguvu, na dhahabu inabaki chini. Mama anahesabu akiba ya kutonunua mpya, hahesabu vipande alivyovipita.

MPIMAJI: Lakini ikitulia si ndiyo nzuri? Mimi ikianza kelele napunguza usikivu wake mpaka inyamaze. Kichwa kinauma.

FUNDI: Unailaza usingizi.

MUUZAJI: Umesikia, Mama?

FUNDI: Nimesikia mimi pia, na kwa hilo nakubaliana nawe. Mashine inayolia ni afadhali kuliko inayonyamaza kwa udhaifu. Ila sikubali kwamba dawa ni kununua. Dawa ni kupima. Chukueni risasi ya nyavu, ile wavuvi wa Rukwa wanayofungia nyavu zao. Madini ya risasi yanaitika kwenye mashine kwa namna inayokaribia dhahabu, na hakuna atakayeyaiba. Chagueni vipande viwili, kidogo na kikubwa. Fukieni kila kimoja kwenye ardhi yenu, ule udongo wa kazini na si mchanga wa uani, pimeni kina kwa rula, wekeni alama. Mashine ikiwa nzima, andikeni inasikia kipi kwa sauti gani na kwa mpangilio gani. Kila mwezi rudini papo hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MAMA: Na hii ambayo sikuipima ikiwa nzima?

FUNDI: Tutaipima sambamba na nyingine ya aina yake, juu ya risasi ile ile, siku ile ile, koili ile ile. Ikishindwa na mwenzake, ndipo nafungua boksi kuangalia kapasita na viungo vilivyopasuka lehemu.

Hapa niseme langu. Jaribio la risasi iliyofukiwa ndilo jambo ambalo sikuona Muuzaji akilijibu, wala sidhani lina jibu. Umri wa mashine peke yake hausemi lolote kuhusu kina chake. Nimeshika redio za zamani zinazopokea vizuri kuliko za juzi. Kitu pekee kinachosema kweli ni kipande kile kile, mahali pale pale, kwa mashine hii leo na mwezi ujao. Anayeuza mpya bila jaribio hilo anauza imani, na anayetengeneza ya zamani bila jaribio hilo naye anauza imani, ya bei nafuu tu.

MUUZAJI: Sawa. Umefungua boksi, umekuta kapasita zimekauka, umebadilisha. Je, ukikuta ile chipu yenye programu imekufa?

FUNDI: Hapo narudisha boksi kwa mwenyewe. Kapasita, fyuzi, swichi, transista ya kukatia mpigo, kitufe cha kuzungusha kilichoingia vumbi, hivyo navimudu. Ubongo wenye programu ya kampuni siumudu, na anayekuambia anaumudu mwulize aliitoa wapi programu.

MUUZAJI: Na kampuni zikifungwa? Tesoro ya Arizona, iliyounda ditekta, ilijulikana kwa dhamana ya maisha kwa mnunuzi wa kwanza. Mwaka 2018 ikafunga. Mwaka 2020 ikafuata White's ya Oregon, iliyokuwepo tangu 1950. Dhamana ya maisha, lakini maisha ya nani?

FUNDI: Hiyo hoja ni ya kwangu, kaka, umeichukua. Kampuni ikifunga, fundi ndiye dhamana iliyobaki.

Mama alicheka sana hapo. Mimi naona wote wawili walikuwa sahihi. Kampuni ikifa, mashine zake rahisi za saketi za kawaida zinaendelea kutengenezeka, kwa sababu vipuri vyake ni vile vile vya redio. Za kisasa zaidi, ambazo kazi yote inafanywa na programu, zinakufa na mwenye programu. Kwa hiyo mashine mpya anayoisifu Muuzaji inaweza kuwa na uzee mgumu kuliko huu wa mezani.

Kisha likaja jambo lililowanyamazisha wote kidogo.

FUNDI: Mama, samahani nikuulize. Mashine hii uliinunua na karatasi zake?

MAMA: Niliinunua kwa mtu, naye aliinunua kwa mtu. Bei ilikuwa nzuri.

FUNDI: Nzuri kiasi gani?

MAMA: Nzuri sana.

MUUZAJI: Hapo mniachie mimi. Minelab za bandia zimejaa Afrika, na 4500 ni moja ya zilizonakiliwa zaidi. Hata siri za kiwandani ziliibwa. Codan, ile kampuni ya Australia inayomiliki Minelab, ilieleza kwamba kompyuta ya mtu wake ilidukuliwa akiwa safarini China, na michoro ikachukuliwa. Mashine za kunakili zikaingia masoko ya Afrika kwa bei ya chini, na mauzo yao halali yakaporomoka. Kwa hiyo, Fundi, kabla hujalehemu chochote, namba ya mashine ipelekwe kwa wakala anayetambulika iangaliwe.

FUNDI: Ikiwa ya bandia bado naweza kulehemu waya.

MUUZAJI: Unaweza. Lakini hutajua ikiwa nzima ilikuwa inasikia nini.

Nilimpa Muuzaji alama hiyo bila kusita. Kutengeneza ni kurudisha kitu kilivyokuwa. Mashine ya bandia haina "ilivyokuwa" ya kuaminika. Mbili zilizotoka karakana moja zinaweza kutofautiana. Ukiweka pesa humo, weka kidogo, na usiwekee matumaini ya msimu mzima.

Ubishi wa mwisho ulikuwa juu ya betri, na hapo ndipo Fundi mwenyewe alinisikitisha.

MPIMAJI: Betri haikai. Saa sita mchana imekwisha. Kuna jamaa alinipa wazo la kutumia ya pikipiki.

FUNDI: Usithubutu! Pakiti ya hii ni ya lithiamu, volti 7.4. Ya pikipiki ni volti 12. Utaua boksi kwa sekunde moja na hutapata kelele wala kimya, utapata harufu. Zile za Minelab za zamani zaidi, SD na GP, zilitumia betri ya risasi ya volti 6. Kila mashine na chakula chake. Niletee pakiti, nitatoa seli zilizochoka, nitaweka nyingine za kompyuta mpakato kuukuu.

MUUZAJI: Za kompyuta kuukuu?

FUNDI: Ninazipima kwanza.

MUUZAJI: Kijana anaibeba mgongoni, Fundi.

Fundi alijitetea kwamba huchagua seli zinazolingana na hurudisha ile bodi ndogo ya ulinzi inayozuia betri kuchajiwa kupita kiasi. Namwamini kwamba hufanya hivyo. Lakini seli kuukuu zilizotoka maisha tofauti hazizeeki pamoja. Moja huchoka mapema, nyingine huisukuma, na lithiamu ikipata joto inawaka moto usiozimwa kwa kupulizwa. Chini ya jua la Chunya, mgongoni mwa mtu, pamoja na chaja ya kuokota sokoni isiyojua kusimama kwenye volti 8.4 pakiti ikijaa, sioni uchumi wowote hapo.

Basi hukumu yangu kwa mashine hii ya Mama ni hii. Namba yake iangaliwe wiki hii. Ikiwa halali, Fundi akate waya na kulehemu plagi, au koili inunuliwe nyingine, kisha ipimwe juu ya risasi sambamba na mwenzake. Ikisikia sawa, irudi porini bila kuona haya mbele ya mashine ya 2021. Ikishindwa hata baada ya kapasita mpya, ivunjwe vipuri na Muuzaji aitwe tena, safari hii na bei iliyoandikwa. Mpimaji avue zile buti. Na betri inunuliwe mpya, ya aina yake, kwa gharama ya mwenye mashine na si ya anayeibeba.